Kufua na Kughushi: Kitenzi Kimoja na Historia Mbili

Kiingereza kina kitenzi "forge", kilichotokana na Kilatini "fabricare", yaani kuunda. Kitenzi hicho hubeba maana mbili zinazopingana: kukipa chuma umbo jipya kwa moto na nyundo, na kutunga hati ya uongo. Kiswahili huzitenganisha: mhunzi hufua, mlaghai hughushi. Katika Zaburi 119:69, Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 hutumia "forge" kwa uongo wa wenye kiburi, bali Union Version ya mwaka 1952 husema wamezua. Kufua imeachiwa Isaya 2:4, mahali upanga unapofanywa jembe.

Msomaji wa Nyakahanga haendi mbali kuiona maana ya kwanza. Huko Bweranyange, makao ya Mfalme Rumanyika wa Karagwe aliyempokea Speke mwaka 1861, nyundo, fuawe na sanamu za ng'ombe za chuma zilikuwa alama za enzi. Upande wa Buhaya, uchunguzi wa Peter Schmidt huko Katuruka ulionyesha kwamba chuma kiliyeyushwa yapata miaka 2000 iliyopita. Kazi ya mhunzi haikukosa shahidi: jembe lilijaribiwa udongoni.

Maana ya pili ililiumiza Kanisa. Katika karne ya 8 ilitungwa hati iliyodai kwamba Kaisari Konstantino alimkabidhi Papa Silvesta mamlaka juu ya nchi za Magharibi. Iliaminiwa kwa karne nyingi. Mwaka 1440 Lorenzo Valla aliifichua kwa kuichunguza lugha yake: Kilatini chake hakikuwa cha zama za Konstantino. Luther aliusoma utafiti huo mwaka 1520, akafadhaika kuona uongo umekaa muda mrefu namna hiyo mahali pa kweli.

Basi hapa pana onyo kwetu. Mchungaji au mwanafunzi anayeandika historia ya usharika hupokea masimulizi ya wazee kama mhunzi apokeavyo chuma kikuukuu. Ana ruhusa kuyapanga na kuyanyosha. Hana ruhusa kuongeza tarehe ambayo hakuna aliyeitaja, wala kumfuta mwinjilisti asiyependwa. Umbo laweza kubadilika, lakini chuma sharti kiwe kile kile. Vinginevyo ameacha kufua, naye ameanza kughushi. Na siku moja atatokea Valla mwingine.