Kiamshi, Si Kichocheo
Karatasi moja ya mafunzo iliyowafikia wachimbaji wadogo wa dhahabu huku Macalder inaonya kwamba mvuke wa zebaki "hauna kichocheo cha hisi". Simlaumu aliyetafsiri, alitumia istilahi aliyokabidhiwa. Nawalaumu waliomkabidhi. Mama anayechoma donge la zebaki na dhahabu juu ya jiko anajua kuchochea ni nini: ni kuuchokoa moto ili upande. Onyo lile litamfanya aangalie makaa, ilhali linahusu pua yake.

Kichocheo kimeelemewa. Wanakemia wanakitumia kwa kinachoharakisha mmenyuko, wengine wanaiita homoni hivyo hivyo, na mahakamani kuna uchochezi. Kamati ya istilahi ikakitwika pia maana ya kitu kinachoigutusha neva. Wala si msongamano tu, maana yenyewe imepotoka. Moto ukichochewa hukua. Mpigo wa neva haukui. Seli ya neva iliyotulia huwa kwenye milivolti 70 hivi chini ya sifuri. Ikifikishwa karibu na 55 chini ya sifuri hutoa mpigo kamili, isipofikishwa haitoi chochote. Bonyeza kidole kwa nguvu zaidi, na mipigo itaongezeka idadi kwa sekunde, si ukubwa. Edgar Adrian alilithibitisha hilo kule Cambridge katika miaka ya 1920, akatunukiwa Nobel mwaka 1932 pamoja na Charles Sherrington. Hayo si mambo ya moto. Ni mambo ya aliyelala: ama ameamka, ama hajaamka.

Ndiyo maana nasema kiamshi. Shina ni amka, na uzao wake ni mpana: amsha, amkia, maamkizi. Waswahili walipotaka neno la kusalimu walilitoa katika kuamka, kwa kuwa salamu ya kwanza ya siku humkuta mtu akitoka usingizini. Kisha wakaunda kiamshakinywa, neno ambalo hakuna kamati inayoweza kulikana, kwani ndani yake mna kiungo cha hisi na kinachokiamsha. Kiishio -i nacho ni cha mtenda, kama katika mwizi na kiongozi. Kwa -o tungepata kiamsho, chombo kinachosubiri kushikwa. Mwanga na sauti havisubiri mtu avishike. Hata kipokezi, jina la seli inayopokea, kinaishia kwa -i, na jozi hiyo inatamkika vizuri.

Yupo mwenzetu anayeng'ang'ania kisisimuzi. Msisimko ni wa mwili mzima, wa baridi, hofu au shangwe. Jicho linaloona ukuta mweupe halisisimki, na bado linaona. Pendekezo langu la kiamshi niliwahi kuliwasilisha kwa kamati hiyo kwa maandishi pamoja na hoja zote hizi. Sikujibiwa, na mwaka uliofuata kisisimuzi kikajadiliwa kana kwamba halikuwepo jingine mezani. Hilo linaniuma, na sioni sababu ya kulificha.

Kuhusu matumizi: kiamshi, viamshi, ngeli ya KI-VI. Onyo la Macalder liandikwe hivi: "Mvuke wa zebaki hauonekani wala haunuki. Macho na pua havipati kiamshi chochote, lakini takriban asilimia 80 ya mvuke unaovutwa hubaki mwilini. Usichome ndani ya nyumba, wala karibu na watoto."