Mkataba wa Bwana Mganga: Ajira ya Madaktari Katika Utawala wa Kikoloni

Kila mwaka, tunapofika kwenye somo la historia ya ukoloni, hatokosekani mwanachuo wa kuuliza swali lile lile: pamoja na maovu yao yote, Waingereza si walituletea hospitali na madaktari? Swali hili si la kupuuzwa, wala anayeliuliza si wa kukemewa. Ameliona jengo la zamani ambalo hadi leo linatibu watu, naye anataka maelezo.

Lakini jengo halisemi lilijengwa kwa ajili ya nani. Kinachosema ni mkataba wa ajira. Ukitaka kujua daktari alikuja kumtumikia nani, uliza mambo manne: nani alimchagua, alilipwa nini, nani alizuiwa asiipate kazi ile, na mwajiriwa alikatazwa kufanya nini. Tuyatazame mambo hayo katika utumishi wa tiba wa makoloni ya Waingereza, hasa hapa Tanganyika.

KANUNI ILIKOANZIA

Hatuna budi kuanzia Afrika ya Magharibi, maana ubaguzi uliokuja kutumika huku kwetu uliandikwa kule kwanza. Africanus Horton, mzaliwa wa Sierra Leone, alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1859 na akatumikia jeshi la Kiingereza akiwa daktari. Mwenzake wa nchi hiyo hiyo, John Farrell Easmon, alifanywa Mganga Mkuu wa Gold Coast, ambayo ndiyo Ghana ya leo, mwaka 1893. Kwa hiyo hoja ya kwamba Mwafrika hana uwezo wa kazi hii ilikuwa imekwisha kushindwa kabla haijatolewa.

Hata hivyo, mwaka 1902 serikali ya Uingereza iliunganisha idara za tiba za makoloni yake ya Afrika ya Magharibi kuwa utumishi mmoja, na ikaweka sharti kwamba anayeomba kazi awe mtu wa uzazi wa Kizungu. Daktari Mwafrika, hata akiwa na shahada ile ile kutoka chuo kile kile, aliandikwa katika orodha ya pembeni, kwa mshahara mdogo zaidi, chini ya Mzungu.

Kwa nini wakati ule? Zamani pwani ile iliitwa kaburi la mzungu, na Waingereza waliokuwa tayari kwenda huko walikuwa wachache. Mwaka 1897 Ronald Ross aligundua kuwa malaria huenezwa na mbu, na mwaka 1899 London ilifungua chuo cha magonjwa ya nchi za joto ambako madaktari wa makoloni walipelekwa kabla ya kusafiri. Kazi ilipoanza kuwa salama na yenye maslahi, ndipo Mwafrika aliposukumwa nje. Sayansi ilisonga mbele, lakini ubeberu ukayagawa matunda yake kwa rangi ya ngozi.

NGAZI TATU ZA TANGANYIKA

Mwaka 1921, idara za Kenya, Uganda na Tanganyika nazo ziliunganishwa kwa ajili ya kuajiri madaktari, na mwaka 1934 ukaundwa utumishi mmoja wa tiba kwa makoloni yote. Uchaguzi ulifanyika London. Mwombaji aliitwa kwenye usaili, akatazamwa tabia yake, shule aliyosoma na barua za waliomdhamini. Hadi mwaka 1930, Kamati ya Warren Fisher ilipopendekeza mabadiliko, uteuzi ulikuwa ni hisani iliyo mkononi mwa Waziri wa Makoloni. Mgonjwa wa Singida au Lindi hakuwa na sauti yoyote.

Aliyechaguliwa alipata mshahara wa kupanda kila mwaka, nauli ya meli, likizo ndefu ya kwenda kwao, nyumba ya serikali na pensheni. Mara nyingi aliruhusiwa pia kutibu watu binafsi kwa malipo. Na ni nani aliyeweza kumlipa? Ni mwenye shamba, mfanyabiashara na ofisa mwenzake. Manamba wa mkonge hakuweza. Hivyo mkataba wenyewe ulimwelekeza daktari upande wa wenye nacho, hata kama moyo wake ulikuwa mwema. Na wenye moyo mwema walikuwapo. Hatuna haja ya kulikana hilo, kwa kuwa tunachochambua ni mfumo.

Chini ya Mzungu alikuwapo daktari wa Kihindi, aliyeajiriwa kwa cheo cha usaidizi na kwa mshahara mdogo. Vituo vingi vilimtegemea yeye, lakini cheo kilimkumbusha mahali pake. Chini kabisa alikuwapo Mwafrika: dresa wa kufunga vidonda na mtoa dawa. Madresa wengi wa vijijini walilipwa na hazina za watemi, yaani kwa kodi ya wakulima wenyewe.

Hata wodi zilifuata ngazi hizo. Mjini Dar es Salaam, tangu enzi ya Wajerumani, hospitali ya Ocean Road ilikuwa ya Wazungu. Waafrika na Wahindi walikuwa na hospitali ya Sewa Haji, iliyojengwa kwa fedha za mfanyabiashara wa jina hilo. Waingereza waliukuta mgawanyo huo wakauendeleza.

TATU KWA TANO

Mafunzo ya udaktari yalianza Makerere na Mulago katika miaka ya 1920. Kijana alisoma miaka mingi, na alipomaliza hakuitwa daktari bali msaidizi. Cheo kilibadilishwa jina mara kadhaa, lakini neno la usaidizi halikutoka. Baraza la madaktari la Uingereza liliitambua shahada ya Makerere mwaka 1957, miaka minne tu kabla ya Uhuru wetu.

Mshahara nao ulikuwa na hesabu yake. Tume ya Holmes, iliyotoa taarifa mwaka 1948, ilipendekeza Mwafrika alipwe tatu kwa tano ya mshahara wa Mzungu katika kazi ya daraja lile lile. Tafsiri yake ni kwamba Mwafrika akifanya kazi siku tano, mbili anazitoa bure. Mwaka 1954 Tume ya Lidbury ilipendekeza rangi iondolewe katika mishahara, lakini papo hapo ikaleta posho maalumu ya kuwavutia watumishi kutoka ng'ambo. Mlango ulifungwa, dirisha likaachwa wazi.

DAKTARI NA SIASA

Daktari Mwafrika aliyaona haya kwa macho yake, na haikuwa ajabu akaingia katika siasa. Mwaka 1950 Dk. Vedast Kyaruzi, aliyesoma Makerere, alichaguliwa Rais wa TAA, na Abdulwahid Sykes akawa Katibu. Haukupita muda mrefu, serikali ikamhamishia Kingolwira, kwenye gereza karibu na Morogoro, kisha Nzega. Kwenye karatasi huo ulikuwa uhamisho wa kawaida wa mtumishi. Kwa matokeo yake, Rais wa chama aliondolewa makao makuu.

Mwaka 1953 waraka wa serikali ukawakataza watumishi wake kuwa wanachama wa TAA. Kwa hiyo TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, wasomi wengi wa nchi hii walikuwa wamefungwa mdomo na ajira zao. Mwalimu Nyerere alilazimika kuchagua kati ya ualimu na siasa, naye mwaka 1955 akaacha kazi.

URITHI NA WAJIBU

Mwalimu alikuwa akikumbusha kwamba mwaka 1961 tulikabidhiwa nchi yenye madaktari wananchi 12. Hayo ndiyo mavuno ya miaka zaidi ya arobaini ya Mwingereza. Dar es Salaam ilipata chuo chake cha udaktari mwaka 1963, baada ya sisi wenyewe kushika hatamu. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 mkazo ukawekwa kwenye zahanati na vituo vya afya vya vijijini. Mwaka 1977 sheria ilipiga marufuku tiba ya kibinafsi ya kutafuta faida. Mwaka 1991 ikalegezwa.

Basi mwanachuo ajibiwe hivi: ndiyo, madaktari waliletwa, lakini kwa mkataba uliomweka mwananchi mwisho wa foleni na kumzuia mwanawe asiwe daktari kamili. Akisha kujibiwa, naye atuulize sisi, maana maswali yale manne hayakuisha siku bendera ilipobadilishwa. Mikataba ya leo tunaiandika wenyewe. Tukimpeleka daktari kijana kwenye wilaya ya mbali bila nyumba wala vifaa, huku mwenzake wa mjini akizidi kuneemeka, hatutakuwa na Waziri wa Makoloni wa kumlaumu. Mkataba ndio unaoonyesha tunamthamini nani.