Kikoa cha .aero na Orodha za Kale za Usafiri wa Anga

Hadi mwisho wa karne ya 20, vikoa vya ngazi ya juu katika intaneti, yaani herufi zinazofuata nukta ya mwisho ya anwani, visivyo vya nchi vilikuwa vichache, na vilivyozoeleka zaidi, kama .com na .org, havikumdai mwombaji uthibitisho wowote mbali na ada. Novemba 2000, bodi ya ICANN, shirika lililoundwa Marekani mwaka 1998 kusimamia mfumo wa majina hayo, ilikutana Marina del Rey, California, ikateua vikoa vipya 7 kutoka kwa waombaji zaidi ya 40, ambao kila mmoja alikuwa ametoa dola 50,000 zisizorejeshwa. Vitatu kati yake, .aero, .coop na .museum, vilikuwa vikoa vyenye mdhamini, kwa maana kwamba taasisi ya sekta husika ndiyo ingeamua nani anastahili kupewa jina na nani hastahili.

Udhamini wa .aero uliangukia SITA, ushirika ulioasisiwa mwaka 1949 na mashirika 11 ya ndege yaliyotaka kuchangia gharama za mawasiliano, na ambao kwa miongo kadhaa kabla ya intaneti ulikuwa ukiendesha mtandao wake wa ujumbe wa maandishi. Anwani ya mtandao huo ina herufi 7: tatu za kwanza ni msimbo wa mji au kiwanja, kama NBO kwa Nairobi na DAR kwa Dar es Salaam, mbili za katikati hutaja idara, na mbili za mwisho hutaja shirika, kama KQ la Kenya Airways. Karani aliyeufahamu utaratibu huu aliweza kutunga mwenyewe anwani ya ofisi ambayo hajapata kuiona. Misimbo ya viwanja na mashirika hutolewa na IATA, chama cha mashirika ya ndege kilichoundwa Havana mwaka 1945, kwa hiyo SITA haikulazimika kubuni upya orodha ya wanaostahili. Sehemu kubwa ya orodha hiyo ilikuwa inatumika kila siku.

Kikoa kilipoanza kutumika mwaka 2002, majina ya herufi mbili yalitengwa kwa mashirika yenye misimbo hiyo, na ya herufi tatu kwa viwanja. Makundi mengine ya sekta, kuanzia watengenezaji wa ndege hadi marubani, yaliruhusiwa kuomba majina ya kawaida, lakini kwa njia ya hatua mbili. Mwombaji hakuanzia kwa msajili, yaani kampuni inayouza majina kwa umma, bali kwa SITA, ambako alieleza kazi yake katika usafiri wa anga na kusubiri maelezo hayo yapitiwe. Akikubaliwa alipewa namba ya uanachama, na ni namba hiyo aliyoipeleka kwa msajili ili jina liandikishwe. Aliyetaka kumhamishia mwingine jina lake alikuta mlango uleule, kwa sababu mpokeaji naye alipaswa kuwa na namba yake. Walanguzi, ambao katika .com walijichukulia majina ya watu ili wawauzie wenyewe kwa bei ya juu, hawakupata nafasi kubwa hapa.

Hata hivyo, orodha za kale zilikuja na taabu zake. Herufi mbili za alfabeti hutoa michanganyiko 676 tu, na ingawa tarakimu huongeza idadi hiyo, IATA imelazimika kurudia misimbo ya mashirika yaliyokufa na hata kuruhusu mashirika mawili ya maeneo yaliyo mbalimbali kutumia msimbo mmoja, jambo lisilowezekana kwa jina la kikoa, ambalo lina mwenye mmoja tu duniani. Wala shirika halina hakika ya kubaki na herufi zake: Uganda Airlines, lililofungwa mwaka 2001, liliruka kwa msimbo wa QU, ilhali lile lililofufuliwa mwaka 2019 kwa jina hilohilo linatumia UR.

Kwa upande wa matumizi, mashirika makubwa, ambayo wateja wao walikwisha kuzizoea anwani za .com, hayakuona sababu ya kuhama. Kikoa kilikita zaidi miongoni mwa viwanja, kama kile cha Belgrade chenye anwani ya beg.aero, na taasisi zinazozungumza na watu wa sekta yenyewe, kama ACI, baraza la viwanja vya ndege, na Skybrary, hazina ya maarifa ya usalama wa ndege. Abiria wa kawaida anaweza kusafiri maisha yake yote bila kuiandika anwani ya namna hiyo, na pengine hilo si kasoro, maana kikoa hiki hakikutengwa kwa ajili yake.

Vikoa vilivyokosa orodha moja ya kutegemea vilipata shida zaidi. Cha .pro, kilichoteuliwa katika kikao kilekile kwa ajili ya madaktari, mawakili na wahasibu, kilipaswa kuhakiki leseni zinazotolewa na bodi za kila nchi na, katika Marekani, za kila jimbo, kazi iliyokuwa na gharama kubwa kuliko mapato ya majina machache yaliyonunuliwa. Masharti yake yalilegezwa hatua kwa hatua, na mwaka 2015 yakaondolewa kabisa. Mwaka huohuo kikafunguliwa .bank, ambacho hakimpi mtu jina kabla ya kuthibitisha kwamba taasisi yake inatambuliwa na wasimamizi wa mabenki wa nchi yake.