Mpaka, Mkataba na Lugha: Historia ya Ushirikiano wa Afrika Mashariki baina ya Mataifa Makubwa, 1967–2024

Mnamo tarehe 4 Februari 1977, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilikuwa limekwisha kusimama, na Kenya ilikuwa imeunda shirika lake. Ilipofika mwisho wa mwezi Juni mwaka huo, nchi wanachama hazikuweza kuidhinisha bajeti ya Jumuiya kwa mwaka uliofuata, na chombo kilichoanzishwa kwa Mkataba wa Kampala wa 1967 kikafa bila ya kuzikwa rasmi.

Kuvunjika huko hutajwa mara kwa mara katika mijadala ya leo kuhusu dunia yenye vituo vingi vya nguvu, na kwa kawaida lawama huwekwa juu ya itikadi. Ni kweli kwamba Tanzania ya Azimio la Arusha na Kenya ya uchumi wa soko zilikuwa zikielekea pande tofauti. Kila moja ilikuwa na marafiki wake pia: China iliijenga reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita zipatazo 1,860, baada ya wafadhili wa Magharibi kuukataa mradi huo, hali Kenya ikiendelea kuzitegemea Uingereza na Marekani. Hata hivyo, itikadi peke yake haitoshi kueleza jambo hili. Mkataba wa 1967 uliyaweka maamuzi makubwa mikononi mwa marais watatu. Baada ya Idi Amin kutwaa madaraka nchini Uganda mnamo Januari 1971, Rais Nyerere alikataa kukaa naye meza moja, na kikao cha marais hao hakikufanyika tena. Watumishi wa reli, bandari na posta waliendelea na kazi kwa miaka sita chini ya mamlaka isiyokutana. La kushangaza si kwamba Jumuiya ilianguka, bali ni kwamba ilichukua muda wote huo kuanguka.

Ugawaji wa mali ulihitaji mpatanishi wa nje, mwanadiplomasia wa Uswisi Victor Umbricht, na makubaliano yalitiwa saini mjini Arusha mwezi Mei 1984: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Majirani waliokuwa wakitumia sarafu moja miaka ishirini kabla ya hapo walihitaji miaka saba kugawana mabehewa na madeni.

Katika kipindi hichohicho, kazi nyingine ya pamoja ilikuwa ikiendelea kimyakimya. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1930 kwa ajili ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar, ilikuwa chombo cha wakoloni. Miongoni mwa wajumbe wake wa mwanzo hakuwamo Mwafrika hata mmoja. Mrithi wake, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam, ilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, mpaka ukiwa bado umefungwa. Mpaka ulifunguliwa tena mwishoni mwa 1983. Kenya ilipoanzisha mfumo wa elimu wa 8-4-4 mwaka 1985, Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa, na msingi wake ulikuwa Kiswahili sanifu kilekile kilichokubaliwa enzi za Kamati.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba lugha ni dawa. Kiswahili hakikuzuia vita vya Kagera vya 1978–79, na matusi ya miaka ile yalieleweka vizuri mno pande zote mbili kwa sababu yalitamkwa kwa lugha ya wote. Nchini Uganda, Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, lakini raia wengi walikuwa wamekisikia kwanza kinywani mwa askari. Doa hilo halijafutika lote, japokuwa katiba ilikitambua kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005.

Mkataba mpya wa Jumuiya, uliotiwa saini tarehe 30 Novemba 1999, unazitaja katika utangulizi wake sababu za kuanguka kwa Jumuiya ya kwanza: utashi dhaifu wa kisiasa, ushiriki hafifu wa sekta binafsi na asasi za kiraia, na mgawanyo wa manufaa usio sawa. Ni maneno ya kweli. Lakini Ibara ya 137 ya mkataba huohuo iliifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi, na Kiswahili kikaachwa kuwa lugha ya mawasiliano itakayoendelezwa. Asasi za kiraia zilialikwa barazani, ila kwa lugha ambayo mvuvi wa Ziwa Viktoria na mfanyabiashara wa Namanga hawaitumii katika shughuli zao. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilianza kazi Zanzibar mwaka 2015, miaka kumi na tano baada ya Mkataba kuanza kutumika.

Mtihani wa zama mpya ulikuja kupitia biashara. Majadiliano ya Mkataba wa Ubia wa Kiuchumi na Umoja wa Ulaya yalikamilika mwaka 2014, Jumuiya ikizungumza kwa sauti moja. Mwaka 2016 Kenya na Rwanda zilitia saini. Tanzania ilikataa kwa kuhofia viwanda vyake. Kenya, ambayo peke yake kati ya wanachama wa wakati huo haikuwa katika kundi la nchi zenye maendeleo duni kabisa, na kwa hiyo ingepoteza nafuu ya ushuru, hatimaye ilitia saini mkataba wake mwezi Desemba 2023, nao ukaanza kutumika Julai 2024. Hoja za kila upande zilikuwa na uzito. Kilichokosekana ni mjadala mpana wa wakulima na wenye viwanda wa nchi zote, uliofanyika mapema, kabla ya marais kulazimika kuchagua upande. Jumuiya hiyohiyo sasa ina Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambayo madini yake yanagombewa na mataifa makubwa ya mashariki na magharibi, na ambayo wakazi wake wa Goma, Bukavu na Lubumbashi wanazungumza Kiswahili bila ya kuagizwa na mkataba wowote.