Nani Anaamua Dawa? Historia Fupi ya Dawa Kama Suala la Siasa

Mara nyingi dawa huzungumzwa kana kwamba ni jambo la daktari na mgonjwa peke yao. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba kabla kidonge hakijafika mkononi mwa mgonjwa, kimekwisha kupitia maamuzi mengi: nani akitengeneze, kwa jina gani, kwa bei gani, na kwa nini kiletwe hicho na si kingine. Maamuzi hayo ni ya kisiasa. Taifa lisiloyashika mikononi mwake huamuliwa na wengine, hata likiwa na zahanati kila kata.

Dawa na uzoefu wa watu

Tuanze na wananchi wenyewe. Katika miaka ya 1920 utawala wa Waingereza hapa Tanganyika ulitibu ugonjwa wa buba kwa sindano za bismathi. Vidonda vilivyomtesa mtu kwa muda mrefu vilikauka upesi, na watu wakamiminika kutafuta sindano. Tangu hapo sindano ikapata heshima ambayo kidonge hakikuipata. Hata leo tunawasikia wagonjwa wakilalamika kwamba hawakutibiwa, wamepewa vidonge tu.

Wako wanaouita huo ujinga. Sisi hatukubaliani nao. Huo ni uzoefu wa watu walioona kwa macho yao. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa klorokwini. Dawa hiyo iliwawasha wengi mwili mzima, na wapo walioacha kumaliza dozi kwa sababu hiyo. Aliyewakemea bila kuwasikiliza hakuwasaidia. Elimu inayochunguza uhusiano huu baina ya dawa na maisha ya watu huitwa famasia ya jamii, nayo inamhusu kada kama inavyomhusu mfamasia.

Bidhaa yenye majina mawili

Katika ubepari dawa ni bidhaa, na bidhaa hutengenezwa ili iuzwe kwa faida. Njia moja ya kulinda faida ni jina. Dawa moja huwa na jina la kitaalamu, ambalo ni la wote, na jina la biashara, ambalo ni mali ya kampuni. Paracetamoli ni jina la kitaalamu. Panadol ni jina la biashara. Mwananchi anayeamini kwamba Panadol ni kitu tofauti na paracetamoli atakuwa tayari kulipa zaidi kwa kitu kile kile. Yanapozidishwa majina, nchi changa hujikuta ikinunua dawa moja mara nyingi, kila mara kwa bei tofauti, na fedha za kigeni zilizotokana na jasho la mkulima zinapotea.

Funzo la Sri Lanka

Nchi ndogo iliyolikabili jambo hili mapema ni Sri Lanka. Mwaka 1971, chini ya serikali ya Bi. Sirimavo Bandaranaike, Profesa Senaka Bibile, mtaalamu wa dawa na mwanasoshalisti, alishirikiana na Dkt. S. A. Wickremasinghe, kiongozi wa Kikomunisti, kuandaa ripoti juu ya dawa nchini humo. Likaundwa Shirika la Dawa la Taifa, Bibile akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Hatua zilizochukuliwa zilikuwa tatu: orodha ya dawa ikapunguzwa kutoka zipatazo 2,100 hadi karibu 600; dawa zikaanza kuagizwa na shirika kwa zabuni ya dunia nzima; na jina la kitaalamu likapewa nafasi mbele ya jina la biashara. Gharama zikashuka.

Lakini unyonyaji haukubali kuondoka kwa hiari. Mwaka 1974 ulipozuka ugonjwa wa kipindupindu, shirika lilikuwa na malighafi ya tetrasaiklini. Kampuni moja ya Marekani iliyokuwa na kiwanda nchini humo ilikataa kuitia malighafi hiyo katika vidonge. Balozi wa Marekani akaingilia kati kuitetea kampuni, na dawa ikabidi iletwe kwa ndege kwa bei kubwa. Mwaka 1977 serikali ilibadilika na milango ikafunguliwa tena kwa waagizaji binafsi. Mwaka huo huo Bibile alifariki akiwa kazini nchini Guyana. Shirika lenyewe lilibaki, lakini nguvu yake ilipungua.

Tunajifunza nini? Kwanza, orodha nzuri bila kiwanda ni silaha isiyo na risasi. Pili, sera iliyosimamiwa na wataalamu wachache, huku madaktari wengi wakiitilia shaka na umma haujaelimishwa, haikupata watetezi ilipobanwa.

Hata hivyo mbegu iliota. Mkutano wa nchi zisizofungamana na upande wowote, uliofanyika Colombo mwaka 1976, ulipitisha azimio la kushirikiana katika dawa. Mwaka 1977 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu, zipatazo 200. Na mwaka 1978 Azimio la Alma-Ata liliweka upatikanaji wa dawa muhimu kuwa nguzo mojawapo ya afya ya msingi.

Njia yetu wenyewe

Hapa kwetu, Azimio la Arusha la 1967 lilielekeza huduma vijijini. Kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973 iliwafundisha wananchi kuzuia magonjwa. Zahanati zilijengwa kwa kasi. Lakini rafu za zahanati hazikujaa kwa kasi hiyo hiyo. Bei ya mafuta, vita vya Kagera vya 1978–79 na upungufu wa fedha za kigeni vilitubana, na dawa chache zilizopatikana zilianza hospitali za mjini. Kijiji kilipata makombo.

Katikati ya miaka ya 1980 ukaanzishwa mpango wa dawa muhimu kwa msaada wa Denmark na UNICEF. Masanduku yaliyofungwa Copenhagen yalipelekwa hadi zahanati. Manufaa yake yalikuwa makubwa: mhudumu wa kijijini alijua atapokea nini. Lakini ulikuwamo mgongano. Yaliyomo yalipangwa mbali na mgonjwa. Zahanati moja ilibaki na ziada ya dawa isiyohitajika huku ikiishiwa ile inayohitajika. Na mhudumu alizoea kupokea badala ya kupanga. Ndiyo maana hatua ya baadaye ya zahanati kuagiza zenyewe kulingana na mahitaji, kupitia Bohari ya Dawa iliyoundwa kwa sheria ya 1993, ilikuwa zaidi ya mabadiliko ya karatasi. Ilikuwa kurudisha uamuzi kwa walio karibu na mgonjwa.

Upande wa viwanda hatukusonga hivyo. Kiwanda cha Keko kilibinafsishwa mwaka 1997, na hadi leo sehemu kubwa ya dawa zetu hutoka nje. Hatari ya hali hiyo ilionekana mwaka 2021, wakati mataifa tajiri yalipojihifadhia chanjo za UVIKO-19 na Afrika ikaachwa kwenye foleni. Msaada ni mzuri, lakini anayekupa ndiye anayepanga zamu.

Jukumu la kada

Kada asidhani kwamba mambo haya ni ya wizara peke yake. Aende zahanati ya kijiji chake akiwa na maswali matatu. Je, leja ya dawa inasomwa na kamati ya afya ya kituo, au inafungiwa kabatini? Je, dawa iliyokwisha iliagizwa kwa wakati, na kama haikuja, imekwama wapi? Je, mwananchi anaelezwa jina la kitaalamu la dawa yake na namna ya kuitumia, au anakabidhiwa tu bahasha?

Majibu yasomwe katika mkutano wa kijiji, mbele ya wananchi wote. Sri Lanka ilikuwa na orodha nzuri na wataalamu hodari. Ilichokosa ni umma ulioijua orodha hiyo kuwa mali yake. Umma wa namna hiyo hauletwi katika sanduku kutoka nje. Unajengwa kijiji kwa kijiji, na kazi hiyo ni yetu.