Juliana wa Bukoba na soksi za Remmy

Wadau, ukiwauliza wapenzi wa roki kuhusu miaka ya 90 watakutajia Nirvana na albamu yao ya Nevermind ya mwaka 1991. Sawa, hatugombani. Lakini na sisi tulikuwa na bendi yetu isiyofuata mkumbo, na wimbo wake mmoja redio ya taifa iliukataa. Bendi ni Super Matimila ya Dk. Remmy Ongala, wimbo ni "Mambo kwa Soksi". Kwa mtu wa Bukoba au Muleba, wimbo ule haukuwa utani hata kidogo.

Tuanzie Kagera. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa Ukimwi kuripotiwa nchini walionekana hospitali ya Ndolage, kule Kamachumu, Muleba. Kumbuka vita vya Idi Amin vilikuwa vimeisha mwaka 1979, madukani hakuna kitu, magendo ya mpakani yamepamba moto. Moja ya bidhaa za magendo kutoka Uganda ilikuwa nguo iliyoitwa Juliana. Vijana wenye pesa waliivaa, wasichana wakaitamani. Wavaaji walipoanza kukonda na kufa, watu wakaupa ugonjwa jina la nguo. Wengine walisema ni uchawi, kisasi cha Waganda waliodhulumiwa kwenye biashara. Profesa Aldin Mutembei wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam amefuatilia jambo hili katika nyimbo na mashairi ya Wahaya, akaonyesha jinsi majina na mafumbo ya ugonjwa yalivyobadilika kadiri misiba ilivyoongezeka.

Na misiba ilikuwa mingi. Utafiti wa mwaka 1987 ulikuta asilimia 24 ya watu wazima wa Bukoba mjini wana virusi. Yaani karibu mmoja kati ya wanne! Muleba na Bukoba vijijini ilikuwa asilimia 10.

Sasa njoo Dar. Remmy alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, akaingia Dar mwaka 1978 kupiga na Orchestra Makassy kabla ya kuhamia Matimila. Alikuwa mtu wa rasta kichwani na maneno makali mdomoni. Aliimba umaskini, aliimba kifo. Mwanzoni mwa miaka ya 90 akaimba kondomu, akaziita soksi. Redio Tanzania ikagoma kuupiga kwa madai kwamba unachochea uhuni. Na wakati huo Bara hakukuwa na redio nyingine; za binafsi zilikuja katikati ya miaka ya 90.

Basi wimbo ukaenda kwa miguu yake. Ulitaka kuusikia, ulilipa kiingilio wikiendi ukausikia ukumbini, jasho likikutoka, au uliazima kaseti. Hapa ndipo penye kituko: lebo ya Real World ya Peter Gabriel kule Uingereza ilishatoa albamu yake ya "Songs for the Poor Man" mwaka 1989, na mwaka 1992 ikatoa "Mambo". Dunia inamsikiliza, redio ya nyumbani imeziba masikio.

Jirani zetu Uganda walikuwa na Philly Lutaaya, ambaye mwaka 1989 alijitangaza hadharani kuwa ana Ukimwi, akaimba, akafariki Desemba mwaka huohuo.

Je, nyimbo ziliponya mtu? Sitadai hivyo. Bukoba mjini maambukizi yalishuka hadi asilimia 18 mwaka 1993 na 13 mwaka 1996. Ndani ya kushuka huko wamo waliozikwa, tusijidanganye, ingawa watafiti waliona maambukizi mapya nayo yamepungua. Watu walibadilika baada ya kuuguza na kuzika ndugu zao wenyewe. Alichofanya Remmy ni kusema kwa sauti, kwenye maspika, jambo ambalo kijijini lilifichwa ndani ya jina la nguo.

Remmy alifariki Desemba 13, 2010. Pale Sinza makondakta bado wanaita "Kwa Remmy!" na abiria wanashuka. Wengi wa umri wangu wanakijua kituo, hawaujui wimbo. Utafuteni, muusikilize mkikumbuka Ndolage.