NANI ANAITIA SAA MAJIRA?

Juma lililopita nilikuwa Nduguti, makao makuu ya wilaya ya Mkalama, mkoani Singida, kwa shughuli za kifamilia. Nilitaka kutuma fedha kidogo mjini, nikaenda kwa wakala mmoja mwenye kibanda karibu na kituo cha mabasi. Kijana mwenyewe mchangamfu, ana simu mbili, daftari na kalamu iliyofungwa kamba ili isiondoke na wateja. Simu ile kubwa ilikuwa imezimika kwa kukosa chaji, na ilipowaka asubuhi ilidai kwamba tuko mwaka 2015. Basi kila alipoifungua ile programu ya fedha, ilikataa katakata. Ilisema hati ya usalama ya upande wa pili bado haijaanza kutumika. Kijana akaigongagonga pajani, akaizima, akaiwasha, kazi bure.

"Mzee, leo mtandao mbovu," akaniambia.

Mtandao haukuwa mbovu hata kidogo. Kilichoharibika ni saa. Tuliingia pamoja kwenye mipangilio, tukairuhusu simu iulize saa yenyewe, na kabla sijamaliza kufuta jasho ikawa imeruka miaka yote ile na kusoma sawasawa. Fedha zikaenda. Kijana akacheka, kisha akaniuliza swali lililonikaa kichwani njia nzima hadi Singida mjini: "Sasa hii simu imemwuliza nani?"

Sisi tuliokulia enzi za Redio Tanzania Dar es Salaam tusingeuliza swali hilo. Baba yangu mkubwa alikuwa na saa ya mkononi ya kutia majira, na kazi hiyo aliifanya mara moja kwa siku, jioni, mbele ya redio ya betri. Zikianza kulia zile ngoma za mzee Morris Nyunyusa, msanii asiyeona ambaye mapigo yake yalitangulia taarifa ya habari, nyumba nzima ilinyamaza. Mtangazaji akitamka saa mbili kamili, baba mkubwa alibonyeza kile kitufe cha saa kwa dole gumba kana kwamba anafunga mlango wa benki. Saa ya Dar es Salaam ndiyo ilikuwa saa ya kijiji. Nani aliitia majira hiyo ya Dar es Salaam, hatukujali.

Leo anayefanya kazi ya zile ngoma ni programu ya kompyuta. Ni moja ya zile ambazo mafundi huziita daimoni, maana yake pepo. Asitaharuki mtu. Jina hilo walilianzisha mafundi wa chuo cha MIT kule Marekani katika miaka ya sitini, wakimkumbuka pepo wa kufikirika wa James Clerk Maxwell, mwanafizikia wa karne ya 19; pepo asiyelala, asiyeonekana, anayefanya kazi moja tu bila kuchoka. Kompyuta kubwa zinazohudumia nyingine, yaani seva, zimejaa mapepo ya namna hiyo: huyu hupeleka barua, yule hutafuta anwani, na huyu wa tatu hutunza saa. Wa saa anaitwa kwa herufi nne tu, ntpd, na ni miongoni mwa wakongwe kabisa.

Aliyebuni kanuni yake ni David Mills, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1938. Alikuwa mpenzi wa redio za mawimbi mafupi, na mimi kama mtu wa redio nafurahi kulitaja hilo. Alizaliwa na ugonjwa wa macho wa presha, upasuaji ukamwokolea sehemu ya uwezo wa kuona, na uzeeni hata huo ukamtoka. Kanuni zake zilichapwa rasmi Septemba 1985, na tangu 1986 akawa akifundisha Chuo Kikuu cha Delaware huku akizirekebisha tena na tena: 1988, 1989, 1992, na toleo la nne mwaka 2010. Alifariki dunia tarehe 17 Januari 2024. Sikusikia redio yoyote ya kwetu ikitangaza, na yetu pia haikutangaza.

Kanuni yenyewe ni rahisi kuieleza hata kwa mtu wa Nduguti asiyewahi kugusa kompyuta. Chukulia nyumbani kwako saa yako huiamini, ukamtuma mtoto akaulize saa misheni. Unaandika saa anayoondoka. Kule misheni wanamwandikia saa aliyofika na saa aliyoondoka. Akirudi unaandika saa aliyorudi, kwa saa yako ile ile mbovu. Sasa toa muda aliokaa misheni, gawa safari kwa mbili, na utajua njia moja imemchukua dakika ngapi, na hivyo saa yako imekosea kiasi gani. Ndivyo kompyuta zinavyoulizana, ila mtoto wao huenda na kurudi kwa sehemu ya sekunde.

Ujanja wa Mills ulikuwa katika kushuku. Je, kama mtoto alikwenda mbio na kurudi akichezacheza njiani? Kugawa kwa mbili kutakudanganya. Ndiyo maana humtumi mara moja, unamtuma mara nyingi na kuiamini zaidi ile safari fupi kuliko zote. Je, kama saa ya misheni nayo imeharibika? Unatuma watoto kwenye nyumba tatu au nne, na saa isiyopatana na wenzake unaiweka kando. Mills aliziita saa za namna hiyo kwa jina linalokaribia kuwa saa waongo. Tena pepo huyu ana adabu. Akikuta kosa dogo haivuti saa ghafla, huikokota polepole, si zaidi ya nusu ya elfu moja ya sekunde katika kila sekunde. Akikuta kosa linalopita sekunde 1,000 hukataa kulirekebisha, hujizima, na kumwachia binadamu aamue.

Kwetu hapa safari ya huyo mtoto ilikuwa ndefu kweli. Kabla ya mkonga wa SEACOM kufika Dar es Salaam mwaka 2009, mawasiliano yetu mengi ya intaneti yalipanda hadi kwenye setilaiti iliyoko kilomita 36,000 juu na kushuka tena, na swali moja na jibu lake lilikula zaidi ya nusu sekunde. Hata hivyo saa zilipatikana.

Jambo moja pepo huyu halijui: hajui kuwa kuna Afrika Mashariki. Yeye hutaja saa ya dunia tu. Tofauti yetu ya saa tatu na Greenwich imeandikwa katika faili jingine la programu huria, lililoanzishwa na Arthur David Olson katika miaka ya themanini na kusimamiwa baadaye na Paul Eggert, ambamo Dar es Salaam imeunganishwa na Nairobi na kuhesabiwa kitu kimoja. Humo ndani imo hata historia ambayo wazee wetu wameisahau, kwamba kati ya mwaka 1930 na 1942 Kenya ilipita kwenye saa mbili na nusu, kisha saa mbili na dakika 45 mbele ya Greenwich, ndipo ikatulia kwenye tatu. Na yule wakala wa Nduguti, simu ikimwandikia 15:20, kinywani kwake inatoka saa tisa na dakika ishirini. Hesabu hiyo ya mwisho hakuna pepo aliyefundishwa.

Sasa nije kwenye linalonikera.

Tarehe 19 Novemba 2012, seva mbili za saa za kituo cha elimu ya nyota cha jeshi la wanamaji la Marekani, kituo kinachoaminiwa na ulimwengu mzima, zilijibu kwa muda kwamba ni mwaka 2000. Waliokuwa wakiuliza nyumba nyingi hawakudhurika. Waliomtegemea huyo mmoja kwa kuwa ni mkubwa, wengine wao mitambo yao ilirudi nyuma miaka 12. Februari 2014 wahalifu walizitumia seva za saa zilizosahauliwa hapa na pale duniani kurusha mafuriko ya takwimu yaliyokaribia gigabiti 400 kwa sekunde. Mlango walioupitia ulikuwa amri moja ya zamani katika ntpd, na dawa yake ilikwishatolewa tangu 2010. Wenye seva hawakuitumia, kwa sababu kitu kinachokwenda chenyewe nani anakikumbuka?

Na fundi mwenyewe? Kwa miaka mingi mzigo wa kuitunza programu hii uliangukia zaidi mabega ya mtu mmoja, Harlan Stenn, wa jimbo la Oregon. Mwaka 2011 alianzisha taasisi ya kuchangisha fedha kwa ajili yake. Baada ya kasoro ya Heartbleed kulipuka Aprili 2014, makampuni makubwa yakashtuka kuwa yanajenga maghorofa juu ya nguzo zinazoshikiliwa na watu wa kujitolea, yakaunda mfuko chini ya Linux Foundation. Stenn akawa anapata dola 7,000 kwa mwezi, na mwaka 2015 hata hizo zilikaribia kukatika kabla ya kuongezwa muda. Wasikilizaji, masoko ya hisa, minara ya simu na mabenki yote huulizia saa, na fundi wa saa anahesabu miezi.

Sitaki kumfanya malaika. Wapo mafundi waliosema programu imezeeka, imejaa viraka, na kwamba njia zake za kazi ni za kizamani. Mwaka 2015 kundi moja lilijitenga, likachukua maandishi yale yale kwa kuwa ni huria, likafyeka sehemu kubwa ya magugu na kuiita NTPsec. Wengine walikwishaanza upya: Richard Curnow na chrony mwaka 1997, Henning Brauer na OpenNTPD mwaka 2004. Mfumo wa Red Hat uliiacha ntpd mwaka 2019, na Debian ikahamia NTPsec mwaka 2023. FreeBSD bado inayo. Mimi siwezi kuamua nani fundi bora. Ninachokiona ni kwamba shamba lililoonekana halina mwenyewe lilipata walimaji watatu mara tu watu walipoogopa njaa.

Tanzania tumo wapi? Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden walituzindulia programu ya ofisini kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice, nasi tukashangilia, na ilistahili. Lakini tafsiri huonekana kwenye kioo, waziri anaweza kupigwa picha nayo. Kutunza pepo wa zamani hakupigiwi picha. Vyuo vyetu vinatoa vijana wa kompyuta kila mwaka, na kila ninayemuuliza ananiambia anatengeneza programu mpya ya simu. Sijakutana na hata mmoja anayeniambia anarekebisha ya zamani. Mzee wangu wa chuo cha uandishi alikuwa akitukaripia kwamba kila mmoja anataka kusoma habari, hakuna anayetaka kupanga mikanda maktaba. Naona ugonjwa ni ule ule.

Asiyeamini kwamba saa ya zamani inaweza kumgusa jikoni mwake akumbuke mwaka 2024. TANESCO ilitutaka tuziboreshe mita zetu za LUKU kabla ya tarehe 24 Novemba. Ukinunua umeme ulipewa kwanza tarakimu 20, halafu 20 nyingine, ndipo za umeme wenyewe. Watu walilalamika, wengine wakadhani ni ujanja wa kuongeza bei. Haukuwa ujanja. Utaratibu unaotumiwa na mita hizo katika nchi nyingi huhesabu dakika tangu mwanzo wa mwaka 1993, na nafasi ya kuhesabia iliishia kwenye dakika 16,777,216, ambazo zilitimia siku hiyo. Ilibidi hesabu ianze upya, mita kwa mita, kwa vidole vya wenye nyumba. Yule wakala wa Nduguti aliniambia alikwenda mwenyewe kumbonyezea bibi yake zile tarakimu zote, akakosea mara mbili, akaanza tena.

Mita nyingine zipo njiani. Kanuni ya Mills huhesabu sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1900, na nafasi yake itajaa Alhamisi, tarehe 7 Februari 2036, kwetu ikiwa saa tatu na dakika 28 asubuhi. Baada ya hapo itasoma sifuri. Toleo jipya limeandaliwa kuyajua hayo. La zamani, lililosahauliwa ndani ya kisanduku juu ya mnara fulani, sijui nani atalipandia. Miaka miwili baadaye, Jumanne, tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi, mifumo ya ukoo wa Unix ambayo bado inahesabu kwa njia ya zamani itajiona imerudi mwaka 1901. Mafundi wameanza kuirekebisha siku nyingi, kimya kimya, na wengi wao hawalipwi.

Nilipompigia simu yule kijana kumpa jibu la swali lake, nilianza na habari za Mills. Akanisikiliza kwa heshima, kisha akaniuliza kama huyo mzee aliacha watoto wanaoijua hiyo kazi. Nikamwambia wapo wachache, wanagombana kidogo, lakini wapo. Akasema ana mteja, tutaongea.

Saa ya ukutani hapa studio, ambayo nayo huulizia huko huko, inanionyesha kuwa nimebakiwa na nusu dakika. Juma lijalo, panapo majaliwa, tutazungumza habari za lumbesa na bei ya vitunguu vya Singida.